Mwongozo Mfupi wa Kujenga Mteremko Asioupanda Mtu

Umeteuliwa. Labda wewe ni mwalimu mkuu uliyehamishiwa Kyela juzi kutoka Dodoma, na bado unashangaa shati lililofuliwa Jumatatu kuwa bichi mpaka Alhamisi. Labda ni mjumbe wa kamati ya shule, uliyechaguliwa siku ambayo hukuhudhuria kikao. Au ni mtoto wa hapahapa uliyetajirika Dar es Salaam, ukarudi Desemba kula wali na samaki mbasa, ukapita shuleni kwako, ukakuta hakuna pa kupitisha kiti mwendo, roho ikakuuma, ukasema mbele ya mashahidi: "Hilo niachieni mimi."

Umeachiwa. Kuna jengo la zamani, kuna hela kidogo, na kuna maneno uliyoyasikia kwenye semina: miundombinu rafiki. Mwongozo huu ni wako. Ukiufuata vizuri, shule yako itafikika kwenye taarifa bila mtu yeyote kupata usumbufu wa kufika.

Tuanze na kosa la kila mgeni, la kulikasirikia jengo. Anaona msingi umeinuka zaidi ya nusu mita, vidato vitatu au vinne, mlango uko huko juu, anasema waliojenga hawakuwa na huruma. Walikuwa na akili ya maji. Kyela ni bonde chini ya milima ya Livingstone. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinakuja kumalizia safari hapa kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, na mvua tunayopata inapita milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikiwa imejisevia mwezi wa nne. Kuna miaka maji huingia darasani kwa mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Mzee aliyeinua ule msingi alikuwa anaokoa madawati. Kwa hiyo jengo huwezi kulishusha. Itabidi uinue njia, na njia ikiinuka inakuja na hesabu.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Mteremko unaofaa kiti mwendo ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Msingi wa sentimita 60 unadai mita 7 na sentimita 20. Mwambie fundi hivyo uone. Atakuangalia, atauangalia uwanja, ataiangalia bustani ya maua ya mwalimu wa mazingira, kisha atakwambia kwa upole kwamba mita moja na nusu inatosha, mbona kule sekondari tulifanya hivyohivyo.

Mwongozo huu unakubaliana na fundi. Mita moja na nusu inaokoa saruji, inaokoa kokoto na inaokoa maua. Utapata kitu ambacho darasa la kwanza watakipenda kuliko bembea: watateleza juu yake kwa makalio mpaka kaptura zitoboke. Kukipanda kwa kiti kutahitaji vijana wawili wenye nguvu, na kukishuka kutahitaji sala. Ila kwenye picha, ikipigwa kwa mbele na mpiga picha akichutama kidogo, kinaonekana kama mteremko mwingine wowote.

Kumalizia ndiko kwenye ufundi. Mruhusu fundi apige niru. Saruji inayong'aa ni fahari ya fundi, na mgeni rasmi hupenda kujiona ndani yake. Mvua ya kwanza ikinyesha utakuwa na njia laini kama mgongo wa kambale. Kuna watu wabishi watakwambia uburuze ufagio mgumu juu ya zege likiwa bichi, ibaki mistari ya kukamata tairi na mguu wa mwenye magongo. Ufagio tayari uko shuleni na kuuburuza ni dakika kumi. Ndiyo sababu hakuna anayefanya: jambo lisilo na gharama haliwezi kuandikwa kwenye makadirio.

Vyuma vya kushikia pembeni viache, vitaibwa. (Mianzi haiibwi, na Wanyakyusa tumejengea mianzi tangu enzi. Fito mbili zilizofungwa vizuri kwenye kimo cha kiuno cha mtoto zinaweza kukufikisha masika yajayo. Lakini mianzi haina risiti.)

Sasa angalia pale chini mteremko unapogusa ardhi. Hapo panatakiwa pawe na mfereji. Bati la Kyela linamwaga maji mengi, na kama hakuna mfereji wa zege basi tone la paa limeshauchimba lenyewe, upana wa shubiri mbili, kuzunguka jengo zima. Mteremko wako uishie upande huu wa mfereji. Mfuniko wa zege wa kuvukia usiuweke, haumo kwenye mchoro. Ng'ambo ya mfereji paache tope, na ng'ambo ya tope paache mzizi wa mwembe. Wewe kazi yako ilikuwa mteremko.

Kabla hujaenda mbali, lazima uandike andiko la mradi, na andiko bila sheria halisomwi. Sheria zipo, tena nzuri. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu wenye Ulemavu ya 2004. Iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu 2009. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayosema wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kama wenzake na kwamba majengo ya umma yafikike. Ziweke zote tatu kwenye utangulizi. Kisha nenda kwenye jedwali la gharama ukaziache huko nyuma zikipumzika.

Jengo lenyewe nalo uliulize umri. Shule za huku, kwa macho yangu, ni za marika matatu. Kuna za misheni, uzao wa wale Wamoravian na wamisionari wa Berlin walioingia pande hizi 1891: kuta nene, milango myembamba, na kizingiti ambacho hata mbuzi huvuka kwa kuruka. Kuna za baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipoamua watoto wote waingie darasa la kwanza kabla ya 1977 kwisha. Hizo wazazi wetu walijenga kwa mikono yao, tofali kwa tofali, ndiyo maana hakuna vidato viwili vyenye kimo kimoja. Na kuna za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002, zilizojengwa kwa ramani na kwa haraka. Madarasa ya juzi, yale ya fedha za UVIKO-19 ya 2021 na yaliyofuata, mengi yamekuja na mteremko wake. Lakini madarasa mapya mara nyingi huwekwa mwisho wa uwanja, kwa kuwa kiwanja kilichobaki kiko huko, na njia ya kutoka getini mpaka huko inapita mbele ya majengo yote ya zamani, kila moja na mfereji wake.

Ulemavu nao, kwa muda mrefu, tuliujibu kwa tiketi ya basi. Mtoto asiyeona akatajiwa Buigiri kule Dodoma, shule iliyoanza 1950. Kiziwi akatajiwa Tabora, iliyoanza 1963. Mwenye ulemavu wa viungo akatajiwa Matumaini ya Jeshi la Wokovu, Dar es Salaam, tangu 1967. Shule hizo zimetoa watu wa maana na sizitupii jiwe. Ila zilitufundisha sisi wa vijijini tabia moja mbaya: kudhani kwamba mtoto wa namna hiyo ni wa kupelekwa mahali, kwa hiyo hapa hatuhitaji mlango mpana.

Milango, basi. Pima fremu ya zamani na utakuta sentimita 80, toa unene wa ubao wenyewe ukifunguka, toa bawaba zilizolegea, zinabaki sabini na kitu. Kiti mwendo cha kawaida kinapita hapo kwa kuchubua vidole. Weka fremu ya sentimita 90 na mambo yanakwisha. Mwongozo unashauri usiweke, kwa kuwa kuvunja ukuta kunaogopesha na kizingiti cha zege cha juu kitadai fundi anayejua nondo. Badala yake omba msaada wa kiti chembamba.

Na kiti kitakuja. Huja siku ya sherehe, kimefungwa nailoni, na vigurudumu vya mbele vidogo kama vya toroli la uwanja wa ndege. Kwenye sakafu ya hospitali kinaruka. Kwenye tope la Kyela kinazama kama nanga, na kwenye mchanga wa Matema hakifiki hata mita tatu. Kikipasuka tairi hakuna wa kukiziba, maana tairi ni la saizi isiyouzwa hapa. Wako wanaosema utafute kiti chenye magurudumu ya saizi ya baiskeli, sababu Kyela ni tambarare, ni nchi ya baiskeli, na kila penye mwembe na kivuli pana fundi mwenye viraka. Wengine watakutajia ile baiskeli ya miguu mitatu inayoendeshwa kwa mikono. Hiyo kweli ndiyo mwanaume wa barabarani, inatoka Ngonga mpaka Kyela mjini na mzigo wa mchele nyuma. Lakini haiingii darasani, kwa hiyo mwenye nayo anahitaji kitu kingine cha kuhamia akifika. Mambo mengi. Kiti cha msaada kifungie stoo na ufunguo ukae kwa mwalimu mkuu, kisije kikaharibika kwa kutumiwa.

Nimefika chooni, na hapa naomba nikae kidogo.

Miongozo ya shule inasema tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na kiwepo cha wenye ulemavu. Vizuri. Sasa chimba shimo la choo Kyela. Masika, kabla hujafika urefu wa mtu, umepata kisima. Maji ya ardhini yako jirani sana, ndiyo maana huku shimo linajengewa juu, na choo kinapanda juu ya shimo, na mtu anapanda juu ya choo. Darasa limeinuliwa sentimita 60. Choo chaweza kupita mita moja. Kwa ile hesabu ya 1 kwa 12, choo cha mita moja kinadai mteremko wa mita 12, pamoja na sehemu bapa ya kupumzika katikati. Hakuna kamati niliyowahi kuiona ikikubali kumwaga mita 12 za zege kwenda chooni. Watu wanataka zege lionekane kutoka barabarani.

Kwa hiyo fuata desturi. Jenga chumba maalumu, kichoree alama ya kiti mlangoni kwa rangi ya buluu, weka kufuli. Mlango ufunguke kwa ndani ili mwenye kiti akiingia asiweze kuufunga, na akiufunga asiweze kugeuka. Kugeuza kiti kunahitaji duara la mita moja na nusu, wewe weka mita moja. Baada ya muhula mmoja humo ndani kutakuwa na majembe, mafagio, ndoo za chokaa na bendera ya zamani. Kitakuwa maalumu kweli, maalumu kwa majembe.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya shule moja ya mwambao, jina lake nalihifadhi kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote. Tulikuwa na mtoto wa darasa la tano, miguu yake haina nguvu. Wenzake walikuwa wanambeba. Wanambeba mgongoni kutoka nyumbani, wanambeba kuingia darasani, wanapokezana bila kuambiwa. Tulijisifu mno. Tulisema mbele ya wageni kwamba watoto wetu wana moyo, kwamba sisi Wanyakyusa tangu zamani rika ni rika, mtu hamwachi mwenzake. Mgeni mmoja alitokwa machozi.

Siku ya kikao cha wazazi bibi yake alisimama nyuma kabisa, akamwambia mwalimu mkuu, "Mwalimu, huyu mtoto asubuhi hanywi chai."

"Ni mgonjwa, bibi?"

"Si mgonjwa. Anasema akinywa atakojoa, na akikojoa ataomba kubebwa mbele ya wasichana. Kwa hiyo hanywi mpaka arudi. Ndaga, asante, ni hilo tu." Akaketi.

Tulikuwa na mteremko. Tulikuwa na taarifa yenye neno jumuishi mara tisa. Mtoto alikuwa anashinda na kiu kwa muda wa saa nane kwenye joto la ziwani, na katika wajumbe wote hakuna aliyewahi kumuuliza anakojolea wapi. Kikao kiliendelea na ajenda ya chakula cha mchana.

Turudi kwenye mwongozo.

Usije ukadhani ulemavu ni magurudumu tu, ukajitafutia kazi. Mtoto asiyesikia vizuri, kwa mfano, mweke nyuma. Darasa letu halina dari, bati liko uchi, na mvua ya Aprili ikianza mwalimu anaweza kupiga kelele mpaka koo likauke, darasa zima linaangalia mdomo unaofunguka na kufumba. Kwa saa nzima watoto 70 wanakuwa viziwi sawasawa, na ubao ndio unaofundisha. Mwalimu mwerevu angegundua hapo kwamba dari na maandishi makubwa ni faida ya wote. Sisi tunasubiri mvua ipite. Mwenye ualbino naye mweke dirishani ili apate mwanga. Kama macho yake yanaumwa na mwanga huohuo na ngozi yake inaungua, atasema. Kama hataki kusema ni aibu yake. Mwenye uoni hafifu anahitaji ukingo wa kila kidato upakwe rangi nyeupe au ya njano. Kopo moja la rangi linatosha shule nzima, na lilishanunuliwa, likatumika kwenye mawe ya njia ya mgeni rasmi.

Hela? Elimumsingi bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zilikuwa za vitabu. Kwa shule ya watoto 500, zilizobaki zilikuwa milioni tatu, za chaki, mitihani, karatasi, kitasa na kila kinachovunjika. Simlaumu mwalimu mkuu anayekwepa kupiga hesabu ya mita 12. Namlaumu anayejenga ya mita moja na nusu kisha kuandika kwamba amejenga. Hiyo saruji iliyopotea ndiyo ingetengeneza mfuniko wa mfereji, kupanua mlango mmoja, na kubakiza chenji ya rangi.

Lipo pia jambo la bure kabisa, nalo nimelificha huku chini makusudi. Shule zetu nyingi ni za chini tu, hazina ghorofa. Darasa lenye mtoto wa kiti mwendo laweza kuhamishiwa chumba chenye msingi mfupi zaidi, kile kilicho karibu na geti na choo. Hamisha darasa, jengo liache palepale. Inachukua asubuhi moja na kelele za madawati. Kikwazo ni kwamba chumba hicho, katika kila shule niliyoingia, ndicho ofisi ya mwalimu mkuu.

Uzinduzi usiukose. Utepe, kwaya, maji ya chupa, mbasa wa kukaanga. Mgeni rasmi atapanda mteremko kwa miguu na watu watapiga makofi. Mtoto atakalishwa pembeni kwenye kiti kipya, atapigwa picha, kisha wenzake watambeba kumrudisha.

Sasa, msomaji, kama wewe ni mkaidi na baada ya yote haya bado unataka mtoto mwenyewe aingie, mwongozo hauna ukurasa wako. Nitakwambia nilichokifanya mimi nikiwa nimechelewa. Nilikwenda kwa yule bibi saa kumi na mbili asubuhi, na tukatembea na mtoto siku yake yote, na chaki mkononi: mlangoni kwao, barabarani, getini, mstarini, darasani, chooni, bombani, kivulini wakati wa mapumziko, nyumbani. Kila aliponiambia "hapa nabebwa" nikaweka alama. Alama zilikuwa kumi na moja. Mteremko wetu haukuhusika na hata moja kati ya hizo, kwa kuwa hakuwahi kuupita. Wenzake walikuwa wakimpandisha kwenye ngazi, wanasema ni rahisi zaidi. Alama nne zilikuwa mifereji. Tatu zilikuwa chooni.

Njoo kuanzia Julai mpaka Oktoba, wakati ardhi imekauka na zege linashika. Aprili usije na saruji. Futi ya kupimia uje nayo, ya shule aliazima fundi.